Nyayo Zangu Mgongoni mwa Nyanya

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Akirudi kutoka Malaba, kitu cha kwanza anachokitafuta si mkewe wala chakula, ni sakafu. Hujilaza kifudifudi kwenye mkeka akaanza kugumia utadhani kontena alilibeba yeye mwenyewe. Jumamosi iliyopita alimwita binti yetu wa mwisho, mwenye miaka minane: "Njoo unikanyage mgongo, mama, babako amekwisha." Mtoto akavua ndara kwa furaha, akainua mguu mmoja. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Sijui nilifikaje pale ukumbini, ila nilimdaka mtoto kwapani nikamnyanyua juu, na ukelele ulionitoka waliusikia hata majirani. Mume wangu akageuza uso akaniuliza kama nimeona nyoka.

Tumeoana miaka kumi na mitatu na sijawahi kumweleza. Nilimpa vidonge vya maumivu, nikamwambia Jumatatu aende zahanati, akanuna kidogo kisha akalala. Nikarudi kwenye mbuzi yangu ya nazi, nikajikuta nalia, wala hapakuwa na kitunguu karibu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia pwani mnajua alichokuwa anakiomba. Zamani zetu kila nyumba ilikuwa na mtoto wa kukanyaga. Alichaguliwa kwa uzito wake: asiwe mwepesi mpaka asisikike, wala asiwe mzito mpaka akaumiza. Watu wazima walilala chini baada ya kazi, na mtoto huyo akawapanda migongoni, akatembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani na kurudi. Mimi niliufikia uzito huo nikiwa darasa la pili, na nilijiona nimepata cheo.

Nyumba yetu ilikuwa Jomvu Kuu, sehemu ya chini inayoelekea hori, ule mkono wa bahari, ambako maji yakitoka harufu ya tope la mikoko huingia mpaka chumbani. Tulikuwa watatu ndani: Nyanya, aliyekuwa mama yake Mama, Mama mwenyewe, mshonaji katika kiwanda cha nguo Changamwe, na mimi. Baba alifanya kazi Voi akija mwisho wa mwezi. Chumba cha uani alipanga Mama Mutua, mwanamke wa Kitui mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyekuwa akifanya usafi katika wodi za hospitali.

Nyanya alikuwa msukaji. Alisuka ukili, ile mikanda mirefu inayoshonwa ikawa mkeka, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, amekaa chini, miguu kainyoosha, mgongo kaupinda. Kwa hiyo alipoanza kupinda hata akiwa amesimama, hakuna aliyeshangaa. Watu walisema ni ukili. Yeye mwenyewe alisema ni ukili.

Kila siku akishaswali alasiri alitandika mkeka ukumbini, akajifunga leso kifuani, akalala.

"We mwana!"

"Abee, Nyanya!"

"Njoo, mgongo wanililia."

Nilishika nondo za dirisha ili nisiyumbe, nikapanda. Mgongo wake ulikuwa na joto na ulinukia mafuta ya nazi na moshi wa udi. Chini ya nyayo zangu niliusikia uti wenyewe, na sehemu moja katikati ulikuwa umechomoza kifundo. Nilifundishwa kukanyaga pembeni mwa uti, mguu mmoja huku na mmoja huku, na shingoni nisifike kabisa. Nyanya alitoa sauti za raha ambazo nikizikumbuka sasa naona haya. "Hapo. Hapo hapo. Mungu akupe mume asiyekoroma." Dua hiyo, niseme ukweli, haikupokelewa.

Mwaka huo kulikuwa na mambo mawili ambayo yangetuzindua, lau tungekuwa watu wa kuzinduka. La kwanza ni buibui. Nyanya alishonewa buibui jipya, na baada ya miezi michache likaanza kuburura chini. Mama akalirudisha kwa fundi likapunguzwa pindo. Miezi ikapita, likaburura tena. Mama alimsema yule fundi maneno ambayo hakustahili, kwamba hana kipimo na macho yamemwisha, na Nyanya akasema labda ni kitambaa kinavutika kwa kufuliwa.

La pili lilinihusu mimi. Kila Idd, Nyanya na mimi tulisimama mgongo kwa mgongo, Mama akaweka kiganja chake juu ya vichwa vyetu kutupima. Idd moja nilimfikia begani. Idd iliyofuata nilimfikia shingoni. Nilitangaza madrasa nzima kwamba mimi narefuka kuliko watoto wote wa Jomvu. Nyanya akacheka akanishika kichwa: "Mashallah, usije ukatoboa dari." Hakuna aliyefikiri kuangalia kama nguo zangu zilikuwa zimenibana. Hazikuwa zimenibana. Gauni la Idd ile ya kwanza nililivaa tena Idd ya pili na lilinitosha vizuri tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo. Mama aliamka mapema akaosha choo kwa sabuni, akaenda kazini. Nyanya alikuwa na siku kadhaa hana raha. Akigeuka kitandani alisema Ya Rabbi, akikohoa alishika ukuta, na ukili wake ulikuwa pale pale ulipoachwa siku nne zilizopita. Siku hiyo hakungoja alasiri. Aliniita asubuhi.

"Kanyaga kwa nguvu yeo," aliniambia. "Usinionee imani. Pana kitu kimekaza hapa kati."

Nilitaka sana kumfurahisha. Nilipanda, nikaenda mpaka kwenye kile kifundo, na kwa kuwa aliniambia kwa nguvu, nikasimama kwa visigino juu yake, nikajirusha kidogo.

Nilikihisi kabla sijakisikia. Kitu kililegea chini ya kisigino changu, kikatoa mlio mdogo, mdogo kuliko wa kijiti. Nyanya hakupiga kelele. Pumzi ilimkatika.

"Shuka," akasema.

Nikashuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi na jasho limemjaa juu ya mdomo. Nikamuuliza, "Nyanya, nimekuvunja?"

"Hukunivunja. Na usimwambie mtu. Wanisikia? Usimwambie mtu. Nenda kamwite Mama Mutua, mwambie Nyanya kateleza chooni."

Mtoto huyasikiliza maneno kwa hesabu yake. Kama sikumvunja, kwa nini nisimwambie mtu? Nilipofika mlangoni kwa Mama Mutua nilikuwa nimeshapata jibu: nimefanya kosa kubwa mno, na Nyanya ananificha nisije kukamatwa.

Mama Mutua alikuja mbio na mikono ina unga. Alimtazama Nyanya mara moja tu. "Shosho, hii si ya kulala nyumbani. Twende hospitali upigwe picha."

"Picha ya nini? Nimeteguka tu. Nitakandwa."

Mama aliporudi jioni naye alisema vivyo hivyo, kwamba mtu akiteguka hukandwa, na Mama Mutua ni mtu wa bara, hayajui mambo ya viungo. Namsimulia Mama bila kumlaumu. Ndivyo tulivyokuwa sote. Mfupa uliojitokeza nje ya ngozi ulipelekwa hospitali. Maumivu ya ndani yalikuwa ya mafuta na mikono.

Kwa hiyo aliletwa Bi Mize, mkandaji, ambaye sitaki mtu amcheke. Mjomba wangu alirudishwa bega na Bi Mize mchana mmoja na jioni akavua samaki. Alikuja na chupa yake ya mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu, akayapasha moto, akapiga bismillahi. Nilikaa nje ya pazia. Nyumba nzima ilijaa harufu ya karafuu, na katikati ya harufu ile nilimsikia Nyanya akiuma leso. Mpaka leo siwezi kuipika biriani kwa mkono wangu mwenyewe, nampa mtu mwingine atie karafuu.

Siku ya pili Nyanya alisema vidole vya miguu vina ganzi. Bi Mize aliacha pale pale, akafuta mikono yake akamtazama Mama. "Mkono wangu wakataa hapa," akasema. "Hapa si pa kuteguka. Mpelekeni kwa madaktari, tena msichelewe." Watu wengi wenye jina wangeendelea kukanda ili kulinda jina. Yeye hakufanya hivyo, nami namuombea kila nikimkumbuka.

Mama Mutua hakumwambia mtu "niliwaambia." Aling'oa mlango wa chumba chake kwenye bawaba, akauleta ukumbini. "Hapana kumkunja!" alipiga kelele wanaume wa jirani walipoinama kumbeba Nyanya kwa makwapa na magoti. "Mkimkunja mtaharibu miguu. Tunamgeuza pamoja, kama gogo, kichwa na kiuno wakati mmoja." Wakamgeuza ubavu kwa leso mbili, wakasukuma mlango chini yake, wakamrudisha juu yake polepole. Nyanya alitoka Jomvu Kuu amelala juu ya mlango wa kijani wa mpangaji wake, nyuma ya pikapu, mkono wake unatafuta mkono wa mtu. Nilikuwa karibu. Nilirudi nyuma ili asinishike.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye lafudhi yetu ya hapa hapa. Kwanza alimchoma Nyanya nyayo kwa sindano kidogokidogo akimuuliza kama asikia, kisha akamwambia achezeshe vidole vya miguu. Vidole vilipocheza, Mama alisema Alhamdulillahi kwa nguvu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia. Halafu ikaja ile picha. Daktari aliiweka kwenye kioo chenye taa, akaita tusogee.

"Uti wa mgongo ni pingili," akasema, "zimepangwa moja juu ya moja. Zenye afya zinakuwa na pembe nne, hivi. Sasa hii hapa imebonyea upande wa mbele. Mwaiona? Kama kopo lililokanyagwa."

Mimi niliiona. Nawaapia, katika ule weupe na weusi niliona wayo, wayo mdogo wa kulia, na kisigino chake. Nikangoja ageuke aniambie nivue kiatu apime.

"Alianguka vipi?" akauliza.

"Chooni," Nyanya akajibu kutoka kitandani, macho juu ya dari. "Pana utelezi wa sabuni."

Mama akaweka mkono mdomoni. "Sabuni yangu," akasema. "Nimeosha mimi asubuhi ile, sikumwaga maji ya kutosha."

Nilikuwa nimesimama kati yao. Ningeweza kusema pale pale na mambo yakaisha. Nilitazama tena wayo wangu ukutani nikakaa kimya.

Daktari alieleza kwamba mifupa ya Nyanya ilikuwa imepungua ndani, imekuwa myepesi na yenye matundu, kama inavyowatokea wanawake wengi wakishakoma hedhi na umri ukasogea, na mfupa kama huo hauhitaji ajali kubwa. Mishipa ya fahamu ilikuwa imebanwa kidogo tu, haikukatika, na hapakuwa na haja ya kupasuliwa. Atakaa wodini siku chache, atavaa mshipi mgumu kutoka kifuani mpaka nyongani, atakunywa dawa za maumivu, na baadaye dawa za kuimarisha mifupa. Ale dagaa, anywe maziwa, aote jua la asubuhi. Kisha akasema lile ambalo Mama hakulisikia vizuri: "Akitoka hapa asilazwe sana. Kila siku atembee, hata kama ni mpaka chooni na kurudi. Akilala tu, misuli itakwisha na mfupa utazidi kulainika. Na asikandwe, wala asikanyagwe." Alitutazama sote aliposema neno la mwisho, lakini mimi nilijua lilikuwa langu.

Nyanya alirudi nyumbani na mshipi wake mweupe, na hapo ndipo uongo wake ulipomgeukia. Mama alikwisha kuamini kwamba choo ndicho adui. Alikisugua kwa mchanga, akakisugua kwa majivu, akakisugua kwa dawa kali mpaka ngozi ya mikono ikambabuka. Alitandaza magunia sakafuni. Aliomba ruhusa kazini. Na hakumruhusu Nyanya asogee hapo. Alimletea besheni chumbani.

"Nataka kwenda mwenyewe," Nyanya alisema. "Daktari kasema nitembee."

"Utembee uanguke tena? Mama, mara moja yatosha."

Wageni walikuja kumpa Nyanya pole, wakatoka wakimpa pole Mama, maana kila mmoja aliambiwa mlangoni: "Ni sabuni yangu. Mimi ndiye nilomvunja mamangu." Kila alipolisema nilihisi kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake na mwenzake anatetemeka kwa baridi mbele yake. Mimi nilikuwa sikanyagi chumbani kwa Nyanya. Nilimwekea kikombe cha uji kizingitini nikakimbia. Nilimsikia akimuuliza Mama, "Mtoto mbona haingii kwangu? Nanuka?" na Mama akamjibu kwamba watoto huogopa ugonjwa.

Wiki zikapita. Siku moja Mama Mutua aliingia kumbadilisha Nyanya shuka, akatoka na uso umekunjamana. Alisimama uani akamwambia Mama mbele yangu. "Dada, nikwambie kitu na usikasirike. Miguu ya shosho inaisha. Ukiishika ni ngozi tu. Mimi nimeona wengi wodini. Wanaingia na mgongo, wanauawa na kitanda. Huyu asipotembea mwezi huu hatatembea tena."

"Ataanguka, Mama Mutua. Kile choo chaniogopesha."

"Choo ya watu wote! Mbona ni yeye tu imemwangusha?"

Mama akachukua ndoo akaenda kusugua. Nilimfuata kwa macho. Nilielewa, kwa akili ya miaka tisa lakini nilielewa, kwamba Nyanya hatembei kwa sababu Mama anaogopa choo, na Mama anaogopa choo kwa sababu mimi nimenyamaza. Nilimvunja mara moja kwa kisigino, na sasa namvunja kila siku kwa mdomo. Niliwaza kituo cha polisi, niliwaza Baba akiitwa kutoka Voi. Halafu nikaenda nikasimama mlangoni pa choo, na Mama alikuwa chini kapiga magoti, brashi mkononi.

"Mama, si sabuni."

"Nini si sabuni?"

"Nyanya hakuteleza. Nilimkanyaga. Nilisimama kwa visigino nikaruka, kikalia."

Aliiweka brashi chini kwa adabu kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni. Akaosha mikono, akanishika kiganja, akanipeleka chumbani. Mkono wake ulikuwa umeparara kwa dawa mpaka ulinikwaruza.

"Mama," alimwambia Nyanya, "mtoto huyu asema nini?"

Nyanya alinitazama mimi kwanza. Zilikuwa wiki tano hajaniona usoni. "Asema kweli," akajibu.

"Na choo?"

"Choo hakina makosa."

"Wiki tano nasugua! Ngozi imenitoka! Nimewaambia watu wote Jomvu nzima!"

"Na kimetakata, mashallah," Nyanya akasema. "Tangu babako akijenge hakijapata kutakata hivi."

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa yake, kisha katikati kikageuka kilio, akakaa ukingoni mwa kitanda akajifunika uso kwa ile mikono iliyobabuka. Mimi nilibaki nimesimama nikingoja kupigwa, na hakuna aliyenikumbuka.

"Kwa nini, Mama?" akauliza alipoweza kusema.

"Kwa sababu ningesema, mngemwambia," Nyanya akajibu. "Si siku ile. Siku ile mngemhurumia. Lakini kesho, kesho kutwa, akivunja sahani, akimjibu mtu vibaya, mmoja wenu angemwambia, wewe ndiwe ulomvunja nyanyako. Nami sitakuwapo nimtetee."

"Na mimi je? Mimi nilivyoamini ni mimi?"

Nyanya aliitazama ile mikono. "Wewe u mtu mzima. Nilidhani utaweza."

"Siwezi," Mama akasema. "Mimi pia ni mtoto. Ni mtoto wako."

Nyanya alinyoosha mkono akamshika kichwa, na hapo sote watatu tukalia, kila mmoja kwa lake. Mama ndiye aliyenyamaza kwanza. Alipenga kamasi kwa ncha ya leso, akanitazama, akasema, "Mimi mgongo huo nimeukanyaga tangu nina miaka sita mpaka naolewa. Nilikuwa mzito kuliko wewe. Njoo hapa." Nikaenda.

Jioni ile ile Nyanya alitembea mpaka chooni. Hatua zake zilikuwa fupi na alishika ukuta kwa kiganja kizima, Mama nyuma yake kapanua mikono bila kumgusa, Mama Mutua mbele anarudi kinyumenyume akisema, "Polepole, shosho, hakuna mtu anafukuza wewe." Alirudi akiwa amechoka na amenuna, akadai chai ya tangawizi. Kesho yake akaenda mara mbili.

Tuliporudi kwa daktari, Mama aliniambia nimweleze mwenyewe. Nilimweleza nikitazama sakafu. Hakukasirika. Aliitoa picha, akaiweka kwenye taa, akaniita karibu, na kwa karibu nikaona haukuwa wayo. Ulikuwa mfupa. Akanionyesha mingine miwili, juu yake na chini yake, nayo imebonyea. "Hizi ni za zamani," akasema. "Hizi zilivunjika bila ya mtu kujua. Huenda aliinua ndoo. Huenda alikohoa tu. Kila moja ikibonyea, nyanyako anapungua urefu kidogo na mgongo unapinda." Mama akaguna. Alikuwa amelikumbuka buibui, na yule fundi aliyemsema. Mimi nilikumbuka Idd zetu mbili na jinsi nilivyojisifu madrasa, kumbe nilikuwa nimesimama pale pale, na aliyekuwa akisogea ni Nyanya, akishuka.

"Na hii ya kati?" nikauliza.

Daktari aliigusa ile pingili kwa kidole. "Siwezi kukudanganya," akasema. "Alikuwa na maumivu siku nne kabla hujampanda, kwa hiyo nadhani ilikwisha kupasuka, na wewe ukaimalizia. Huenda ingebonyea siku hiyo hata angepiga chafya. Huenda isingebonyea. Hakuna picha inayoweza kunionyesha hilo." Watu wamenipa majibu matamu zaidi ya hilo baadaye, na hakuna hata moja nililoliamini kama nilivyoliamini lile.

Nyanya aliishi miaka mingine kumi na mmoja. Aliuvua mshipi baada ya miezi mitatu, akapata mkongojo, akarudi kwenye ukili lakini sasa juu ya kiti chenye egemeo, kwa amri ya daktari, akilalamika kwamba kiti ni cha makarani. Mimi nilimpikia, nilimsuka nywele, nilimkata kucha. Mgongo sikuugusa. Akiniomba nimkune nilimwita Mama, naye alijua sababu, akamngoja Mama.

Alifariki asubuhi moja baada ya kuswali, nami nina miaka ishirini. Wanawake walipoingia kumuosha, Mama alinivuta ndani, akaniambia nikunje mikono ya gauni. Tulimuosha chini ya shuka kwa maji ya majani ya mkunazi, kichwa, mikono, upande wa kulia, upande wa kushoto, muoshaji akituongoza kwa sauti ya chini. Ilipofika wakati wa kumgeuza ubavu, mwanamke mmoja alinyoosha kata ya maji, na Mama akamzuia mkono.

"Mgongo muachieni huyu," akasema.

Nikaingiza mkono chini ya shuka. Nilikipata kile kifundo, kimekuwa kikubwa zaidi na kikali, na vidole vikagoma. Muoshaji alidhani sijui kazi. "Sugua, mwanangu," akaninong'oneza. "Bonyeza tu, hasikii tena." Nikamuosha pingili moja moja, kwa ncha za vidole, bila kubonyeza popote.